Dorothy Day: Aliyetafuta Kanisa la Wanyonge

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana aliyebatizwa na kupata Kipaimara akisema kwamba anatafuta kanisa jingine. Wapo wanaohama wakifuata uponyaji na baraka za haraka, na hao tumeshawasema sana katika mahubiri. Wapo pia wengine ambao hatuwasemi sana: wasomi, wanaharakati na wafanyakazi wanaohama, au wanaobaki nyumbani Jumapili, kwa sababu wanaona Kanisa haliendani na mambo wanayoyathamini. Wanataka kanisa linalosimama na maskini, linalomheshimu mwanamke, linalopinga vita, lisilowaogopa wenye fedha na mamlaka. Swali lao ni la haki, na halijibiwi kwa kuwaita waasi.

Mpendwa msomaji, nakuletea maisha ya mwanamke aliyekuwa na swali hilohilo miaka mia moja iliyopita, akalilipia gharama kubwa. Ni Mtumishi wa Mungu Dorothy Day wa Marekani.

Utoto na ujana

Dorothy alizaliwa tarehe 8 Novemba 1897 huko Brooklyn, New York. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari za michezo, hasa mbio za farasi. Nyumbani hawakuwa watu wa dini. Familia ilihamia California, na mwaka 1906 tetemeko kubwa la ardhi lilipoiangusha San Francisco, watu waliopoteza makazi walivuka ghuba kwenda Oakland, alikoishi Dorothy. Akiwa na miaka minane alimwona mama yake na majirani wakiwapa wageni hao chakula na nguo. Jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote. Alijiuliza kwa nini watu wanapendana hivyo wakati wa maafa tu, kisha kila mmoja anarudi kufunga mlango wake.

Baba alipoteza kazi kwa tetemeko hilo, wakahamia Chicago. Huko Dorothy alianza kusali katika Kanisa la Kiepiskopali, yaani Waanglikana wa Marekani, akabatizwa na kuimarishwa huko. Alizipenda Zaburi. Lakini alisoma pia riwaya za Upton Sinclair kuhusu mateso ya wafanyakazi wa machinjio ya Chicago, akaanza kutembea katika mitaa yao na kuona kwa macho yake.

Mwaka 1914 alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Illinois. Alikaa miaka miwili tu. Hapo ndipo alipoiacha dini. Aliwaona Wakristo wameshiba na wametulia, wakati wafanyakazi wakifa viwandani na watoto wakienda kazini badala ya shule. Aliwaona watu wakiwahudumia walioumizwa na umaskini, lakini hakuona wanaouliza kwa nini umaskini upo. Wasoshalisti walikuwa wakiuliza. Akajiunga nao.

Kuanzia mwaka 1916 aliishi New York akiandikia magazeti ya mrengo wa kushoto. Novemba 1917 alikamatwa mbele ya Ikulu ya Marekani pamoja na wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Gerezani waligoma kula. Katika giza la selo aliomba Biblia, akasoma Zaburi zilezile za utotoni, kisha akaona aibu kwamba anamkimbilia Mungu kwa sababu ya udhaifu. Akaiweka kando.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vurugu. Alifanya kazi ya uuguzi hospitalini Brooklyn, akampenda mwanamume ambaye hakutaka mtoto, akatoa mimba. Akaingia katika ndoa isiyodumu. Majeraha hayo alikuwa nayo mpaka uzeeni. Tunayataja kwa sababu mtu anayeombewa leo kutangazwa mtakatifu aliyapitia, na kwa sababu katika parokia zetu wapo akina mama na akina dada wanaoubeba mzigo huohuo kimyakimya.

Mlango wa Ubatizo

Mwaka 1924 aliuza haki za riwaya yake kwa watengenezaji wa filamu, akanunua kibanda kando ya bahari katika kisiwa cha Staten Island. Aliishi hapo na Forster Batterham, mtaalamu wa biolojia, mtu mpole aliyependa samaki, nyota na ukimya, lakini asiyetaka kusikia habari za Mungu wala ndoa. Dorothy alimpenda kwa dhati. Na ajabu ni kwamba katika furaha hiyo alianza tena kusali. Mara hii hakusali kwa kuogopa. Alisali kwa sababu alikuwa na kitu cha kushukuru na hakujua amshukuru nani.

Machi 1926 alijifungua binti, akamwita Tamar Teresa. Aliamua mtoto abatizwe katika Kanisa Katoliki ili asije akatangatanga kama mama yake. Mtawa mzee, Sista Aloysia, alimfundisha katekisimu kwa ukali, akimtaka aikariri neno kwa neno. Julai 1927 Tamar alibatizwa.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha habari hii. Dorothy angeweza kuchagua kanisa lililo karibu zaidi na misimamo yake. Marekani ya wakati huo ilikuwa na Waprotestanti waliohubiri Injili ya haki za kijamii, waliotetea mishahara ya wafanyakazi na kupinga ajira ya watoto. Ilikuwa na Waquaker, waliokataa vita kwa karne nyingi. Kwa hesabu ya misimamo tu, Kanisa Katoliki lilikuwa mbali naye. Yeye mwenyewe aliliona ni kanisa lenye majengo makubwa na viongozi waliokaa meza moja na matajiri. Rafiki zake wote waliliona ni adui wa wafanyakazi.

Lakini Dorothy alikuwa ameona kitu kingine. Tangu akiwa kijana, alipokuwa akirudi alfajiri kutoka kukesha na waandishi, alikuwa akiingia katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, New York, na kukaa kiti cha nyuma wakati wa Misa ya asubuhi. Waliopiga magoti pale walikuwa wafanyakazi wa ndani, wapagazi na wahamiaji kutoka Italia, Ireland na Poland. Wanamapinduzi waliandika juu ya umati wa wanyonge, na umati wenyewe ulikuwa Misani. Ikiwa anataka kuwa na maskini, alisema moyoni, basi na asali pale wanaposali.

Gharama ilikuwa Forster. Yeye hakuwa tayari kufunga ndoa, kanisani wala serikalini, na Dorothy asingeweza kubatizwa huku wakiendelea kuishi pamoja bila ndoa. Waliachana, wakarudiana, wakaachana tena. Agosti 1927 Sacco na Vanzetti, wafanyakazi wawili wahamiaji kutoka Italia, waliuawa kwa kiti cha umeme, na watu wote wa mrengo wa kushoto walikuwa katika maombolezo. Katika majira hayo ya huzuni, tarehe 28 Desemba 1927, Dorothy alipanda kivuko akavuka kwenda Staten Island, akabatizwa kwa sharti, kwa kuwa alishabatizwa Kianglikana. Aliungama na siku iliyofuata akapokea Ekaristi. Hakusikia furaha yoyote. Alijiona kama msaliti anayehamia upande wa wenye nguvu. Alibatizwa hata hivyo, kwa sababu aliamini kwamba ni kweli.

Gazeti la senti moja

Kwa miaka mitano alikuwa Mkatoliki asiyejua la kufanya na dhamiri yake ya zamani. Desemba 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, alikwenda Washington kuandika habari za maandamano ya wasio na ajira, yaliyoandaliwa na wakomunisti. Aliwatazama wakipita, akauma midomo. Walioandamana kwa ajili ya maskini walikuwa wakomunisti. Wakatoliki walikuwa wapi? Tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alikwenda katika kanisa la hija la Mama Maria lililokuwa likijengwa jijini humo, akalia na kuomba aonyeshwe njia ya kutumia vipaji vyake kwa ajili ya wafanyakazi wenzake.

Aliporudi New York alimkuta mgeni akimngoja nyumbani: Peter Maurin, Mfaransa mtoto wa mkulima, aliyewahi kuwa bruda mwalimu, amevaa koti lililochakaa, mifuko imejaa vitabu na karatasi. Peter ndiye aliyemwonyesha Dorothy kwamba mambo aliyoyatafuta nje yalikuwamo ndani ya Kanisa: katika Injili, kwa mababa wa Kanisa, katika barua za mapapa juu ya haki za wafanyakazi kuanzia Rerum Novarum ya mwaka 1891. Yalikuwamo, lakini yamefungiwa kabatini.

Tarehe 1 Mei 1933, siku ya wafanyakazi, Dorothy na wenzake walipeleka nakala 2,500 za gazeti jipya, The Catholic Worker, katika uwanja wa Union Square, katikati ya wakomunisti. Bei ilikuwa senti moja. Katika miaka michache nakala zilizidi 100,000. Gazeti lilisema maskini wakaribishwe, na maskini wakaja kugonga mlango. Kwa hiyo zilianza nyumba za ukarimu, ambamo mwenye njaa alipewa supu na mkate, na asiye na kitanda alipewa kitanda, bila kuulizwa dini yake wala kama anastahili. Kabla miaka ya 1930 haijaisha zilikuwa zaidi ya 30 katika miji mbalimbali ya Marekani. Dorothy aliishi humo humo, pamoja na kunguni, harufu, walevi na kelele za wagonjwa wa akili, kwa karibu miaka hamsini.

Kisha zikaja vita. Dorothy aliamini kwamba mfuasi wa Kristo hawezi kuua, hata vitani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, Wakatoliki wengi wa Marekani walimuunga mkono Jenerali Franco. Gazeti lake lilikataa kuchukua upande, likapoteza wasomaji. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili likaendelea kupinga vita, na hapo hata baadhi ya wenzake walimwacha. Nyumba nyingi zilifungwa.

Mabeleshi ya mafrateri

Kwetu sisi tunaosomea upadre, ukurasa mgumu kuliko yote ni wa mwaka 1949. Wachimba makaburi wa makaburi ya Kikatoliki ya Calvary, New York, waligoma. Walikuwa wanafanya kazi siku sita kwa wiki, wakaomba siku tano kwa malipo yaleyale. Mwajiri wao lilikuwa Kanisa, na karibu wote walikuwa Wakatoliki. Kardinali Francis Spellman, Askofu Mkuu wa New York, alikataa, akasema mgomo huo una mkono wa wakomunisti. Majeneza yalipozidi kurundikana bila kuzikwa, aliwachukua mafrateri wa seminari yake ya Dunwoodie, akawapeleka makaburini na mabeleshi wachimbe badala ya waliogoma.

Tuwafikirie vijana hao. Yawezekana kabisa walidhani wanafanya tendo la huruma, maana kuzika wafu ni tendo la huruma. Walikuwa chini ya utii. Lakini walikuwa wakichimba juu ya mkate wa baba wa familia.

Dorothy alimwandikia kardinali barua. Kwa heshima zote alimweleza kwamba hao ni watu wenye hadhi, kwamba mkubwa ndiye anayepaswa kwenda kwa mdogo kupatana naye, na alimsihi awaendee. Watu wa Catholic Worker walisimama na wagomaji wakiwa na mabango, wakachangia chakula cha familia zao. Mgomo ulivunjika, na wafanyakazi walirudi bila kuipata wiki ya siku tano.

Miaka miwili baadaye ofisi ya jimbo ilimtaka aondoe neno Katoliki katika jina la gazeti au alifunge. Alijibu kwa unyenyekevu, akaahidi kuwa mwangalifu zaidi katika uandishi, lakini jina hakulibadilisha. Jimbo halikuendelea na jambo hilo.

Wengi walimshangaa. Mbona asiondoke? Alikuwa na kila sababu. Alijulikana nchi nzima, na makanisa mengine yangempokea kwa mikono miwili. Lakini katika miezi hiyohiyo alikuwa Misani kila asubuhi, akisali rozari, akienda kuungama. Hakumwona kardinali kuwa ndiye Kanisa, wala hakujiona yeye kuwa Kanisa. Aliweza kumpinga kwa sababu walikuwa nyumba moja. Mgeni hamkemei mwenye nyumba, ndugu anaweza.

Hakutosha katika kundi lolote

Wanaotaka Kanisa la mageuzi humtaja Dorothy kama wao, na wanaotaka Kanisa la mapokeo humtaja vilevile. Kila upande huchukua nusu. Kuanzia mwaka 1955 alikamatwa mara kadhaa kwa kukataa kujificha wakati wa mazoezi ya kujikinga na mabomu ya nyuklia, akisema mazoezi hayo yanawadanganya watu kwamba vita hivyo vinaweza kuvumilika. Mwaka huohuo aliweka ahadi kama mwoblati wa Mtakatifu Benedikto. Aliandika kitabu juu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mwaka 1965, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alifunga siku kumi mjini Roma pamoja na wanawake wengine wakiwaombea mababa wa Mtaguso waseme neno juu ya vita. Hati ya Gaudium et Spes ilipotoka, ililaani maangamizi ya miji mizima, na kutaka sheria ziwahurumie wanaokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 1973, akiwa na miaka 75, alifungwa tena huko California kwa kusimama na vibarua wa mashambani. Mwaka 1974 alitia sahihi tamko la Wakatoliki wapigania amani la kupinga utoaji mimba. Wenzake wa zamani wa mrengo wa kushoto hawakufurahi.

Hata nchi yetu aliigusa. Mwaka 1970, akiwa na miaka 72, alisafiri kuizunguka dunia, akapita Australia, India na Dar es Salaam. Alivutiwa na juhudi za Mwalimu Nyerere za ujamaa, naye akaziandikia wasomaji wake. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu alikuwa New York akizungumza na masista wa Maryknoll, akiwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika mapambano ya maskini dhidi ya hali zinazowadhalilisha litakosa maana kwao. Watu hawa wawili wote leo wanaitwa Watumishi wa Mungu, na wote walikuwa watu wa Misa ya kila siku.

Tunajifunza nini

Katika falsafa tunafundishwa kutofautisha kupenda kitu kwa sababu kinanifanana, na kukipenda kwa sababu ni chema na cha kweli. Anayetafuta kanisa linalokubaliana naye katika kila jambo anaweza kulipata, lakini kanisa hilo halitakuwa na la kumwambia siku atakapokosea. Dorothy aliingia mahali palipomsumbua. Kanisa lilimwambia mambo ambayo hakuyapenda juu ya mwili, ndoa na toba, akayapokea. Naye aliliambia Kanisa mambo ambalo halikuyapenda juu ya fedha, vita na wafanyakazi, na mengine yamepokewa.

Lakini tusimtumie Dorothy kuwanyamazisha wanaolalamika. Hakubaki kwa kufumba macho. Kijana anayesema parokia yetu inawasikiliza wachangiaji wakubwa tu, au kwamba mlinzi na mpishi wa kanisani hawalipwi kwa wakati, hajibiwi kwa kuambiwa avumilie kama Dorothy. Dorothy angekwenda kumwona mpishi, kisha angemwandikia paroko. Ikiwa watu wenye kiu ya haki wanatafuta kanisa jingine, yatupasa tujiulize kama waliiona kiu hiyo kwetu. Mafundisho Jamii ya Kanisa tunayasoma seminarini kwa ajili ya mtihani. Yeye aliyasoma akafungua mlango wa nyumba yake.

Mwishoni mwa maisha yake tunamwona tena Forster. Mwaka 1959 Nanette, mwanamke aliyeishi naye baada ya Dorothy, aliugua saratani, na Forster akamwomba Dorothy msaada. Dorothy alikwenda, akamuuguza kwa miezi mpaka alipofariki. Nanette aliomba Ubatizo siku moja kabla ya kufa.

Dorothy mwenyewe alifariki tarehe 29 Novemba 1980 huko Maryhouse, moja ya nyumba zake za ukarimu jijini New York, binti yake Tamar akiwa pembeni. Katika maziko walikuwapo maskini wa mitaani, na Forster alikuwapo pia. Mwaka 2000 Kardinali John O'Connor, aliyekalia kiti kilekile cha Spellman, alifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri na mtakatifu, na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya Bunge la Marekani. Gazeti bado linauzwa senti moja, na supu bado inapikwa.

Tumwombee ili, Mungu akipenda, tumwone siku moja altareni. Na siku tutakapopewa mabeleshi, sisi mafrateri, tukumbuke kwanza kuuliza ni kazi ya nani tunayoichukua.